Mwanangu Hafunguliwi Ubongo

Jumamosi tuliitwa kikao cha wazazi. Nilidhani ni michango ya uji, kumbe kuna mgeni. Suti, kipaza sauti, na kozi ya wiki 6 ya "kufungua ubongo". Akasimamisha mtoto mbele, akamsomea tarakimu 30, mtoto akazirudisha zote bila kukosea. Makofi! Mama wa jirani yangu tayari mkono uko kwenye pochi.

Sawa, mtoto alizikumbuka kweli, hapakuwa na mazingaombwe. Ila mbona hakuna aliyeuliza: tarakimu 30 zinamsaidia nini kwenye jiografia?

Huko Pittsburgh, Marekani, wanasaikolojia William Chase na Anders Ericsson walimpata mwanafunzi wa chuo, kichwa cha kawaida tu. Wakawa wanamsomea tarakimu, moja kila sekunde. Alianza na 7 hivi, kama mimi na wewe. Baada ya saa 230 hivi za mazoezi, katika miezi 20, akafika 79. Ubongo umefunguka, sivyo? Jamaa alikuwa mkimbiaji. Ukimtajia 3492, yeye anasikia dakika 3 na sekunde 49.2, muda wa kukaribia rekodi ya dunia ya maili enzi zile. Tarakimu kwake zilikuwa mbio, na mbio alizijua. Akiwa bado kwenye mazoezi hayo, siku moja wakambadilishia, wakampa herufi. Akaporomoka hadi 6 hivi. Mazoezi yote yale, halafu sita! Matokeo yamechapishwa tangu 1980, lakini mwenye suti hakuyagusa.

Hata konda wa daladala yetu ni vivyo hivyo: anajua nani kalipa, nani anadai chenji, nani anashuka wapi, gari limejaa hadi mlangoni. Lakini hebu mtume dukani vitu vitano uone. Atarudi na vitatu na soda yake.



Kinachoniuma ni kwamba cha bure kipo. Mwaka 2006 wanasaikolojia wengine, Roediger na Karpicke, walionyesha kuwa wanaorudia kusoma hung'ara baada ya dakika 5, lakini wiki ikipita, wanaofunga kitabu na kujikumbusha wenyewe ndio wanaobaki na kitu. Hakihitaji suti, wala pochi ya mtu.

Jioni nikamwambia wa kwangu afunge daftari anieleze usanisinuru. Akanuna. Akaeleza nusu, akakwama kwenye umbijani, akaniuliza, "Baba, kwani wewe unajua?"

Nikaenda kuchungulia daftari.