Uzito wa Mikono ya Bibi wa Worpswede

Wapo wanaoamini kwamba mchoraji anayempa mkulima viganja vikubwa kupita kiasi na uso usio na tabasamu anamdhalilisha. Nami niliamini hivyo kwa muda mrefu, mpaka nilipozitazama kwa utulivu kazi za Paula Modersohn-Becker, Mjerumani aliyewafungulia njia wachoraji wa ekspreshonisti, yaani wale wanaokuza au kugeuza maumbo na rangi ili kuonyesha hisia, na aliyechora sehemu kubwa ya kazi zake katika kijiji cha Worpswede, karibu na mji wa Bremen.

Kijiji hicho kilipakana na kinamasi, na mafukara wake waliishi kwa kukata udongo mweusi, kuukausha na kuupeleka Bremen kwa mashua ukatumike badala ya kuni. Wachoraji waliohamia huko tangu 1889 walivutiwa zaidi na anga pana na mifereji, na mwanakijiji alipoingia pichani aliingia kama pambo au kama mchamungu wa kutia huruma. Picha ya Fritz Mackensen ya ibada ya wanakijiji ilipata medali ya dhahabu Munich mwaka 1895. Paula, mwanafunzi wake, alipoonyesha kazi zake Bremen mwaka 1899, mhakiki wa gazeti alizishambulia bila huruma.

Itazame picha yake ya 1907 ya bibi kizee wa nyumba ya maskini. Bibi ameketi bustanini, uso wake mpana umetuelekea, maua mekundu ya mipopi yamemzunguka, na mikono yake mizito imetulia mapajani ikiwa imeshika bua la ua. Bibi haombi chochote kwetu. Mikono ile ni mikubwa kwa sababu ndiyo iliyobeba maisha yake, na kuipunguza ili ipendeze macho ya watu wa mjini ndiko kungekuwa kumdharau. Novemba mwaka huohuo Paula alifariki akiwa na umri wa miaka 31, siku kumi na nane tu baada ya kujifungua mtoto wake wa kwanza.

Mwaka 1937 utawala wa Wanazi uliziondoa kazi zake nyingi katika makumbusho ya Ujerumani kwa madai kwamba ni sanaa iliyopotoka. Sishangai, kwa kuwa walimtaka mkulima mwenye afya na fahari wa kubandikwa kwenye mabango, na bibi huyu hakufaa kwa kazi hiyo.

Linaloniuma ni kwamba hata jina la picha linamtambulisha kwa umaskini wake. Natamani lingekuwa jina aliloitwa na mama yake.