Maji ya boila melini: nini tuiachie sensa, nini tupime kwa mkono

Mei 25, 2003, boila (chombo cha kuchemshia maji yawe mvuke) ya meli ya abiria Norway ililipuka bandarini Miami na kuua mabaharia 8. Wachunguzi wa Marekani walilaumu uendeshaji, matengenezo na ukaguzi mbovu, vilivyoacha chuma kichakae na kupata nyufa. Baada ya msiba kama huo ni rahisi kusema: tufunge sensa, yaani vifaa vinavyopima vyenyewe, kwenye maji ya boila, binadamu akae pembeni. Nakubali, lakini si kwa kila kipimo.

Mahali ambapo sensa ya upitishaji wa umeme haina mpinzani ni kwenye bomba linalorudisha maji kutoka kondensa, kifaa kinachopoza mvuke uwe maji tena. Kondensa hupozwa na maji ya bahari. Mrija wake ukitoboka, chumvi inaingia. Maji yaliyokenekwa vizuri hupitisha umeme maikrosimensi chache tu kwa sentimita, ya bahari hufika kama 50,000, kwa hiyo hata uvujaji mdogo hujitokeza mara moja. Anayepima kloridi (dalili ya chumvi) kwa mkono kila asubuhi anaweza kuukosa hadi kesho yake. Na tuseme kweli, wapo wanaonakili namba za jana kwenye daftari.

Sensa hiyohiyo lakini haioni mafuta. Koili (bomba la mvuke lililojikunja) ya kupashia mafuta mazito ikitoboka, mafuta hurudi na maji bila kubadili upitishaji wa umeme, kisha hutanda kwenye mirija ya boila na kuzuia joto lisifike majini, nayo mirija huungua. Hapo kinahitajika kifaa kinachopitisha mwanga majini. Kioo chake kikichafuka kinapiga kelele ovyo, mpaka mtu anakizima. Kilichozimwa ni kibaya kuliko kisichokuwepo, maana ofisini bado kinahesabiwa.

Kwa boila ndogo ya shinikizo la baa 7, kupima kiotomatiki fosfati, dawa inayotiwa majini kuzuia magamba, naona ni anasa. Vichupa vya kemikali vinatosha. Hata oksijeni, inayotia chuma kutu, anza na joto: maji ya nyuzi 20 hushika takriban miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 90 kama 1.6. Vali ya mvuke inayolipasha tangi la malisho (la maji yanayoingia boila) ikiwa mbovu, irekebishe hiyo kabla ya kununua sensa.

Kwenye meli za gesi zinazoendeshwa kwa mvuke wa karibu baa 60, ningefunga sensa zote. Hata huko ningedai sampuli ya mkono kila siku, kwa sababu sensa hupotoka polepole bila kutoa onyo. Namba mbili zikikataana, pima sampuli upya, kisha isafishe sensa.