Bia ya Ijumaa

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na aibu iliyonikuta Lamu ilitokana na neno la herufi tatu.

Nilikuwa na wiki mbili tu tangu nihamishwe kutoka Nakuru. Jirani yangu, mzee anayeheshimika mtaa mzima, akaniita barazani kwa lahaja ya Lamu, ambako njoo ni ndoo. "Ndoo, mwalimu. Ijumaa baada ya Isha tunakula bia. Nawe umo?"

Nikadhani masikio yananichezea. Akanifungulia daftari. Juu pameandikwa BIA YA IJUMAA, chini majina manane, la kwanza la muadhini, kila mmoja na shilingi 500 zake. Kumbe mji huu una mambo! Hiyo "kula" badala ya "kunywa" niliitafutia jibu la kisomi: mbona tunakula kiapo, tunakula chumvi, tunakula hasara? Wa Lamu watashindwaje kula bia?

Sikutaka kuonekana mchoyo. Badala ya 500 niliamua kwenda na kreti nzima, chupa 25 za mililita 500, yaani lita 12 na nusu. Lamu pombe haiuzwi kila kona, na vichochoro havipitishi gari, kwa hiyo nilikodi punda. Shogi, yaani matandiko ya punda ya kubebea mizigo, ina mifuko miwili, na ukijaza mmoja tu mzigo wote unapinduka. Mwenye punda akazitoa chupa kwenye kreti, akatia 13 kulia, 12 kushoto pamoja na jiwe la kusawazisha, juu akafunika gunia. Akaniambia nitembee nyuma kimyakimya. Mimi nilinyamaza, chupa hazikunyamaza. Kila kona tuliyokata zililia kama kengele, na akina mama madirishani wakahesabu.

Barazani nikakuta sinia la wali wa nazi, nguru wa kupaka, na wazee wanane wamenawa wananingoja.

"Nini hiki, mwalimu?"

"Bia, mzee. Mchango wangu."

Hapo ningeliishia tu. Lakini nilitoa chupa moja nikaing'oa kizibo. Bia ya chupa imetiwa gesi kwa kushindiliwa. Ikiwa baridi na imetulia, gesi hukaa ndani. Ikipata joto na kutikiswa, hutafuta pa kutokea. Yangu ilikuwa imekaa juani tangu alasiri, kisha ikatikiswa mgongoni mwa punda nusu saa. Ilitokea yote kwa mpigo mmoja, nusu kwenye wali, nusu kwenye kanzu ya muadhini. Na hawa ni watu wa madhehebu ya Shafi: ulevi kwao ni najisi, kanzu haisaliwi mpaka ioshwe.

Mzee hakufoka. Ningependa angefoka. Alinitazama kama anayesahihisha insha. "Bia ni ushirika, mwalimu. Watu huchanga, wakapika, wakala pamoja. Ubia hujaisikia? Mbia? Wabia?"

Ubia nilikuwa nimeufundisha Jumanne iliyopita, na mifano mitatu ubaoni.

Nikafanya kosa la pili, nikaanza kujitetea kwa elimu. Nikasema bia ya chupa ni neno la Kiingereza, beer, na wataalamu hawajapatana lilikozaliwa: wapo wanaolipeleka kwenye bibere ya Kilatini, kunywa, na wapo wanaolihusisha na neno la kale la shayiri. Nikaongeza kwamba Wareno walipopita pwani hii walituachia meza, bendera na mvinyo, lakini cerveja, bia yao, wakarudi nayo.

"Walikuta tuna tembo letu," akasema mzee mmoja. "Na msituletee habari za mnyama. Mnyama ni ndovu. Tembo hugemwa mnazini."

"Wanawake wa zamani wakilitia kwenye unga wa vitumbua ili uumuke," akadakia mwingine, kisha akamwona muadhini akanyamaza.

Nikaona upenyo. "Hata mahamri, wazee wangu! Hamira na khamr ya Kiarabu, yaani ulevi, ni mzizi mmoja. Mnachokula asubuhi ni ndugu wa hiki."

"Ndugu," akasema muadhini akikamua kanzu, "lakini hawakai nyumba moja."

Sikukoma. Nikawaambia Waingereza wana neno jingine, bier, linalotamkwa vilevile kabisa, ambalo maana yake ni kitu cha kubebea maiti.

Mzee akasimama. "Basi mwalimu, beba jeneza lako."

Nikarudi na maiti 24. Duka likazikubali chupa nzima ila amana ya kreti likaizuia, kwa sababu chupa moja tupu ilibaki barazani na sikuwa na uso wa kwenda kuidai. Mwenye punda akatoza safari ya pili, na ya jiwe.

Mchango wa wali mwingine nililipa, na sasa ni mimi ninayeshika daftari, kwani wanasema nimeshajua maana. Likizo ya Agosti nilisahau nikalitia begini. Mke wangu Nakuru alilifungua akifua nguo, akasoma polepole: bia Mei, 500, bia Juni, 500, bia Julai, 1,000, pamoja na deni la muadhini.

"Baba Neema," akaita kutoka uani, "huyu muadhini anayekukopa bia ni nani?"