Ami na Bango la Futi Sita

Mnaofungua maduka hapa Chake Chake, Pemba, hebu mtuhurumie sie watengeneza mabango. Salamu haijajibiwa, mtu anatoa karatasi: NYAVU. MISHIPI. NDOANA. VIPURI VYA MASHINE ZA BOTI. TUNATENGENEZA SIMU. JUISI YA MIWA. KARIBUNI NYOTE. Na picha ya samaki changu. Bango lenyewe futi sita kwa tatu.

"Ami, punguza maneno."

"Punguza herufi weye."

Haya. Heshima ya kazi ikanituma nimfungulie kwenye kompyuta herufi nene zilizobanana, zenye miguu ya mraba, yaani vile vikanyagio kwenye ncha za herufi. Hizi ni za mabango tangu asili. Vincent Figgins wa London alikuwa na herufi za miguu hiyo mwanzoni mwa karne ya 19, aina iitwayo Clarendon ikafuata 1845. Kule New York, Darius Wells akapata mashine ya kuchonga herufi za mbao mwaka 1827, na mabango ya Marekani yakajaa herufi ndefu, nyembamba, kwa sababu karatasi ina mwisho na maneno ya mfanyabiashara hayana.

Kugeuka tu, ami keshashika mausi. Anavuta pembe ya maneno, ayaminye yaenee!

Mchoraji akibana herufi, nguzo za wima huziacha na unene wake, akapunguza uwazi wa ndani. Ami akiiminya mpaka asilimia 60, nguzo ya milimita 10 inakuwa 6, na miguu inabaki na unene wa 10 ule ule. Kila herufi imevaa makubadhi ya babu yake.

"Si zimeenea?"

"Zimeenea, hazisomeki."

"Mie nnasoma."

"Ami, pua yako imo kwenye kioo! Dereva wa gari la Wete yupo barabarani!"

Hesabu ni inchi moja ya urefu wa herufi kwa kila futi kumi za umbali. Barabara iko futi sitini, basi inchi sita. Mistari saba ni inchi 42, na bango lina 36, bado nafasi, bado changu. Ami akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa, akakubali kabisa. Kisha: "Basi pale chini tia *jumla na rejareja*, vidogo vidogo."

Vidogo! Herufi nene hivi ukizifanya ndogo, matundu ya A na R yanaziba, linabaki doa jeusi. Pale chini weka herufi nyepesi zisizo miguu. Na kwenye MISHIPI ongeza nafasi kidogo, miguu ya H na I isigusane. Nasema na nani?

Yupo na anayeleta nembo aliyoipiga picha kwenye kioo cha simu, anataka ijae ukuta. Yupo anayetuma faili bila kugeuza herufi kuwa michoro. Kompyuta ya mashine ya kuchapia haina herufi hizo, inaweka za kwake, kelele zinanijia mie.

Ami kalipa nusu. Nusu ya pili, bango likishatundikwa. Akatoka, akarudi mlangoni, mwenye duka la nyavu na mishipi, kuniuliza kama bei ni pamoja na kamba.