Fangasi Hawaishii Vidoleni

Hapa Mwanza ukitaja fangasi, mtu anaangalia miguu. Vijana wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, wanaoshinda ndani ya gambuti, wananunua tyubu ya dawa, wanapaka, kazi inaendelea. Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka jirani yangu alipoumwa kichwa wiki tatu.

Alimeza dawa za malaria, akaongeza za taifodi. Alipoanza kuona viwiliviwili ndipo akapelekwa hospitali, na daktari akataka atolewe maji ya uti wa mgongo. Shangazi yake akasimama mlangoni: "Hachomwi mtu hapa! Wakichomwa huko hawarudi."

Natamani ningemsimulia habari za sungura. Ugonjwa wa jirani ni wa kriptokokasi, fangasi wa kwenye udongo na kinyesi cha njiwa, anayeingia kwa pumzi. Watafiti walipompandikiza kwa sungura, ugonjwa ulikataa kushika: mwili wa sungura una joto la nyuzi 39 hivi, na kinga yake haina mzaha. Ikabidi wamchome kortisoni kila siku, kinga ikalegea, ndipo fangasi wakatamalaki kwenye ubongo. Kwa binadamu, kazi hiyo ya kortisoni mara nyingi inafanywa na VVU.

Panya naye hupigwa kandida, fangasi mwingine, kwenye mshipa wa mkia. Ini na bandama hupambana, lakini figo huelemewa, maana chembe nyeupe za damu huchelewa kufika huko. Jaribio hili silipendi sana. Panya hana kandida huyo kwa asili, na sisi hutuingia kupitia utumbo au mpira wa dripu. Ila figo zilizojaa nyuzi za fangasi ukiziona kwenye picha, utaacha kusema ni ugonjwa wa ngozi.

Sasa, ile sindano anayoiogopa shangazi ni sehemu ya tiba. Fangasi wakijaa, maji ya ubongo hayapati pa kutokea, presha inapanda ndani ya fuvu, macho yanapotea. Wengi "wasiorudi" wamefika wakiwa wameshazunguka maduka yote ya dawa. Na muuzaji wa duka la dawa namlaumu: kichwa cha wiki mbili si cha kuuziwa panado, ni cha kupelekwa kupimwa VVU na kile kipimo cha damu cha kriptokokasi, kinachotoa jibu ndani ya dakika 10.

Shangazi alikubali jioni. Maji yalitoka kwa kasi, na usiku ule ule jirani akaomba uji.