Vashti Bunyan: kimya cha miaka 30 kilikuwa cha nani?

Kila anayesimulia habari za Vashti Bunyan, mwimbaji na mtunzi wa Uingereza, huanzia kwenye gari la farasi, nami siwezi kulikwepa. Mwaka 1968 msichana huyu wa miaka 23, aliyekwisha kuchoshwa na London, alishika njia ya kaskazini na mwenzake Robert Lewis na mbwa wao. Gari lao lilikuwa kuukuu, la kusambazia mikate, likivutwa na farasi aitwaye Bess. Walikuwa wakielekea kisiwa cha Skye, Uskoti, ambako mwimbaji Donovan alikuwa amenunua ardhi ili wasanii wakaishi pamoja. Donovan ndiye aliyewakopesha fedha za farasi na gari. Walipofika, baada ya mwendo uliochukua zaidi ya mwaka, mwenyeji wao alikwisha kuondoka.

Nyimbo alizotunga njiani zilizaa albamu ya Just Another Diamond Day, iliyotoka Desemba 1970 na kudoda sokoni. Wakati huo tayari alikuwa na mtoto mchanga. Akaliweka gita kando, akalea watoto watatu mashambani, na kwa miaka 30 hakutoa hata wimbo mmoja. Mwaka 1997 aliandika jina lake kwenye intaneti, akakuta watu wanaitafuta santuri ile kwa udi na uvumba. Ikachapwa upya mwaka 2000. Waimbaji vijana wa Marekani, Devendra Banhart akiwa mstari wa mbele, wakamfanya mama yao wa kimuziki.

Hapo ndipo wasikilizaji wake wanapogawanyika. Wapo wanaosema alidhulumiwa: kipaji kilikuwepo, wenye kampuni za muziki hawakujua la kukifanyia, na miaka 30 ikapotea bure. Wengine wanajibu kwamba hakuna aliyemfukuza. Aliyakimbia mji na biashara kwa hiari yake, akachagua maisha aliyokuwa akiyaimba, na ni huko kutoweka kulikozilinda nyimbo zake zisichuje.

Hoja ya hiari ina nguvu kuliko wanavyokubali mashabiki wenye uchungu. Mtu anayepanda gari la farasi wakati wenzake wanagombania nafasi redioni anajua anachokiacha. Nyimbo zenyewe zinashuhudia. Jog Along Bess ni wimbo wa kumhimiza farasi, na usikilizapo unahisi mwendo wa kwato na jioni ya kutafuta pa kulala. Haukuandikwa na mtu aliyekuwa akilia kwa kukosa umaarufu.

Lakini wanaoishia hapo wanaruka miaka mitatu ya mwanzo, nayo ndiyo inayonifanya niegemee upande wa wanaosema alidhulumiwa. Bunyan hakuanza kama mtoto wa vijijini mwenye haya. Alipokuwa na umri wa miaka 18 alikwenda New York, akazisikia nyimbo za Bob Dylan, akarudi na nia ya kuwa nyota wa pop. Mwaka 1965 alichukuliwa na Andrew Loog Oldham, meneja wa bendi ya Rolling Stones, na wimbo wake wa kwanza kutolewa haukuwa wake: alitungiwa na Mick Jagger na Keith Richards wa bendi hiyo. Wake mwenyewe ulipachikwa upande wa pili wa santuri. Kazi nyingine alizorekodi kwa kampuni ya Oldham zilifungiwa kabatini. Msichana alikuja na tungo zake mfukoni, akapewa za wanaume akaambiwa aimbe. Kwa hiyo nikisikia kwamba aliondoka kwa hiari, nauliza: hiari ya mtu aliyegonga mlango kwa miaka mitatu bila kufunguliwa ina uzito gani?

Ugomvi huohuo umo ndani ya albamu yenyewe. Mtayarishaji, Joe Boyd, aliwaleta wapigaji wa bendi za Fairport Convention na Incredible String Band, mabingwa wa folki, yaani muziki unaochota kwenye nyimbo za jadi za Uingereza. Robert Kirby akapanga ala kwenye nyimbo kadhaa. Bila Boyd santuri isingekuwepo, na hilo ni deni la kweli. Lakini fidla na banjo ziliipa rangi ambayo Bunyan hakuikusudia. Hadi leo anakataa kuitwa mwimbaji wa folki, na wanaomwandika wanaendelea kumwita hivyo. Mimi pia nilifanya hivyo kwa muda mrefu, kwa sababu albamu hii ndiyo mlango niliopitia.

Kuhusu miaka ya kimya, mwenyewe ameeleza kwamba kushindwa kwa albamu kulimuumiza hadi akaacha kuimba hata nyumbani, mbele ya watoto wake. Aliyechagua amani ya shamba angewaimbia wanawe wakati wa kulala. Naona hapo palikuwa na jeraha, na kila nikilikumbuka hili, picha ya gari la farasi hunipungukia utamu.

Aliporudi na Lookaftering mwaka 2005, mtayarishaji akiwa Max Richter, sauti ilikuwa ileile, nyembamba kama pumzi, ila maneno yalikuwa ya mama mtu mzima. Wanaotetea kimya huishika albamu hii kama ushahidi: bila miaka ile asingekuwa na la kusema. Ni kweli kwamba nyimbo zile zinahitaji umri. Sikubali tu kwamba umri unahitaji ukimya. Watunzi wengine wa rika lake walizeeka hatua kwa hatua, albamu baada ya albamu, nasi tukawasikia wakizeeka.

Ndiyo maana ninayoirudia zaidi ni Heartleap ya mwaka 2014, aliyosema itakuwa ya mwisho. Sehemu kubwa aliitengeneza mwenyewe nyumbani Edinburgh, kwa miaka mingi, akiwa karibu na 70. Hasomi noti za muziki, na hawezi kupiga piano kwa mikono miwili kwa pamoja. Alirekodi mkono mmoja, akarudi akaongeza wa pili, akavipanga vipande hivyo kwenye kompyuta mpaka vikalingana na alichokuwa akikisikia kichwani. Safari hii hakuna fidla ambayo hakuiomba.