Umeme ulipokatika Maple Street

Mwanangu anasoma darasa la saba hapa Ohio, na wiki hii wamepewa shuleni mchezo wa mwandishi Rod Serling, "The Monsters Are Due on Maple Street". Ni kile kipindi cha mfululizo wa televisheni wa The Twilight Zone kilichorushwa Machi 1960. Tukakaa tukakitazama pamoja. Zamani, nilipokuwa mgeni nchi hii, kilinitisha. Safari hii kimenichekesha kwanza, kisha kikanikera.

Ni Jumamosi jioni, mtaa wa nyumba nadhifu, watoto wananunua aiskrimu. Kinapita kitu angani kwa kishindo na mwanga, umeme unakatika, simu hazifanyi kazi, magari hayawaki. Mtoto mmoja, Tommy, anasema kasoma hadithini kwamba wavamizi wa sayari nyingine hutanguliza familia inayofanana na watu. Basi, imetosha. Gari la Les Goodman linajiwasha lenyewe: ndiye huyo! Tena usiku huwa anatoka nje kutazama nyota! Kiza kinapoingia, Charlie anampiga risasi Pete Van Horn, jirani aliyekwenda tu mtaa wa pili kuangalia hali. Taa ikiwaka nyumbani kwa Charlie, mawe yanamgeukia yeye.

Kilichonichekesha ni haraka yao. Yote hayo kwa jioni moja! Kwetu Unguja umeme ulikatika Desemba 2009 ukarudi Machi 2010, na mwaka 2008 tulikuwa tumeshakaa gizani kama mwezi mzima. Kisiwa kizima kilitegemea waya mmoja wa baharini kutoka bara, kwa hiyo hitilafu ilipotokea hata pampu za maji zilisimama. Sitaki kuipamba hali ile. Wauza barafu na samaki walipata hasara, na foleni za madumu zilileta ugomvi wake. Lakini mwenye jenereta mtaani kwetu hakuna aliyemuuliza kwa nini yeye ana taa. Alipelekewa simu zichajiwe, sebule yake ikajaa nyaya. Wengine walichangia mafuta. Wengine, na mnajijua, hamkuchangia hata siku moja.

Maple Street gari moja linawaka mtaa mzima, na hakuna anayesema: twende nalo mjini tukaulize.

Ndugu zangu nyumbani nikiwahadithia haya hunijibu kwamba huko kwenu watu hawajuani, ndiyo maana. Hapo ndipo ninapokereka. Agosti 14, 2003, hitilafu iliyoanzia hapahapa kaskazini mwa Ohio, nyaya zilipogusa miti, ilizima umeme kwa watu wapatao milioni 50 Marekani na Kanada. Cleveland ilikosa mpaka maji. Wenzangu kazini wanachokumbuka ni nyama: friza zinayeyuka, kila mtu akatoa jiko lake uani, wakachoma na kulishana na watu ambao walikuwa hawajapata hata kuwasalimu.

Halafu watu wa Maple Street wanajuana sana! Wangejuaje kwamba Goodman hutazama nyota usiku, kama hakuna aliyekuwa akichungulia dirishani? Silaha yao ni kile walichokwisha kukijua kuhusu jirani, wakingojea siku ya kukitumia. Nasi hilo tunalifahamu. Mwaka 1995, hofu ya Popobawa, jini anayesemekana kuwavamia watu usiku, ilipoikumba Zanzibar, watu walilala nje kwa makundi, wakikoka moto na kulindana. Ukaribu gani tena kuliko huo? Na katika hofu hiyohiyo umati ulimuua mtu mwenye ugonjwa wa akili, kwa kudhaniwa kuwa ndiye.

Kwa hiyo mimi umeme ukikatika miezi mitatu nitaomba niwe Unguja, karibu na ile jenereta. Lakini siku atakapotokea mtoto na hadithi yake ya wavamizi, heri niwe hapa. Kwetu barazani wanajua nimerudi saa ngapi, nimebeba nini, na nani kanisindikiza. Jirani yangu wa hapa Ramadhani iliyopita aliona taa ya jikoni kwangu ikiwaka saa kumi alfajiri, mwezi mzima. Mwishowe akaniuliza kama nimehamishiwa zamu ya usiku, maana kiwandani kwao wanatafuta watu.